Umeme wa kambi unakatika kila asubuhi: karavani ni mbovu, au ni sisi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Sisi ni familia ya watu watano, tunaishi Leicester. Mwezi wa tano mwaka jana tulikodi karavani ya kukokota, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, tukaiegesha siku sita kwenye kambi ndogo ya shambani katika bonde la Wensleydale, kule Yorkshire. Mahali ni patulivu ajabu, unasikia kondoo na maji tu. Tatizo lilikuwa umeme. Karibu kila asubuhi ulikatika, na swichi iko ndani ya kisanduku cha kambi chenye kufuli, ikabidi twende kumgongea mwenye kambi. Mara ya nne alikuja amenuna. Mwaka huu mama mkwe anakuja kutoka Tanga na tunataka kurudi palepale naye. Je, ile karavani ilikuwa mbovu, au tunabaniwa umeme? Mume wangu naye anasema safari hii tusikae mahali pamoja, tuhame kila siku tuone nchi. Ana leseni ya hapa tangu 2019. La mwisho, mama hajazoea kukaa bila jiko la mkaa. Tunaweza kulichukua?

JIBU: Dada yangu, karavani haikuwa mbovu, na mwenye kambi hakuwabania. Mliitwisha breka yake, ile swichi ya kwenye kisanduku inayojikata umeme ukizidi, mzigo ulioizidi mbali, nayo ikafanya kazi iliyowekewa. Nitakupa hesabu yenyewe, maana ukishaijua hutamgongea mtu mlango tena, na mama atapata chai yake ya alfajiri bila mtu kutoka nje na koti.

Nyumbani kwenu Leicester soketi moja tu inaweza kutoa hadi ampea 13 (ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita kwenye waya), na nyumba nzima ina fyuzi kuu ya ampea 60 hadi 100. Kambini ni habari nyingine. Karavani yote, na kila kilichomo, inalishwa kwa waya mmoja wenye plagi ya bluu, na nyuma ya plagi hiyo kuna breka moja. Kambi kubwa za barabarani hutoa ampea 16. Hizi ndogo za mashambani mara nyingi hutoa 10, na zipo zinazotoa 6. Mwenye shamba amevuta waya kutoka zizini mwake hadi malishoni, na waya huo unagawiwa viwanja vyote, yaani sehemu zote za kuegesha karavani. Breka imewekwa kuulinda.

Umeme wa Uingereza ni volti 230. Zidisha kwa ampea 10, unapata wati 2,300. Huo ndio mfuko wenu wote. Sasa tuangalie asubuhi moja ya watu watano. Birika la umeme la nyumbani, lile mlilobeba kutoka jikoni kwenu, hula wati 3,000, yaani ampea 13. Hita ndogo ya feni ya kupasha chumba ni wati 2,000, karibu ampea 9. Mtambo wa maji moto wa karavani, ukiwashwa upande wa umeme, ni wati 850 hivi, karibu ampea 4. Friji ni kidogo, nusu ampea na ushei. Chaja ya betri ya karavani na simu zenu, tuseme ampea moja. Jumla ni karibu ampea 27 kwenye breka ya 10, na bado tosta na mashine ya kukaushia nywele hazijatoka kwenye begi.

Najua utaniambia, "Lakini fundi, siku nyingine birika lilichemka vizuri tu." Ni kweli, na hilo ndilo huwafanya watu waseme umeme wa kambi una mapepo. Ndani ya breka kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizogandamizwa pamoja. Umeme ukizidi kiwango, kipande hicho kinapata moto, kinapinda polepole, mwisho kinaachia swichi. Ukizidisha kidogo kinachukua muda mrefu kupinda, ukizidisha sana kinaachia upesi. Birika peke yake ni ampea 13 kwa 10. Linachemka dakika nne, linajizima kabla kipande hakijapinda vya kutosha, nanyi mnaona mambo shwari. Kesho yake kuna baridi, mmoja wenu amewasha hita, mwingine akabonyeza birika. Hapo ni ampea 22, na dakika mbili haziishi. Mwenye kambi akija kuwasha tena wakati kipande bado kina moto, mkabonyeza birika palepale, kitaachia haraka kuliko mara ya kwanza. Bila shaka hivyo ndivyo mlivyofika mara ya nne.

Dawa yake ni kupanga zamu. Birika la nyumbani liacheni nyumbani. Nunueni lile dogo la safari, la wati 750 hadi 900, au bora zaidi, birika la kawaida la bati la kuweka juu ya jiko la gesi la karavani, lile linalopiga mluzi. Maji ya chai ya watu watano kwenye gesi hayachukui hata robo ya ampea. Hita ya feni nayo iacheni. Karavani nyingi za kukodi zina hita yake ya ukutani yenye ngazi za wati 500, 1,000 na 2,000, iwekeni kwenye 1,000. Hapo mna ampea 4 na kidogo za hita, pamoja na friji na chaja, jumla kama 6. Zimebaki 4, ambazo zinatosha kifaa kimoja: ama birika dogo, ama mtambo wa maji moto. Mtambo wa maji uwasheni usiku wakati wa kulala, birika likiwa limezimwa. Tangi lake ni dogo, la lita 10 hivi, lina koti la kuzuia joto lisitoke, na alfajiri mama ataamka akute maji ya kutawadhia yana uvuguvugu mzuri. Mkipewa kiwanja cha ampea 6, mfuko wenu ni wati 1,380. Hapo hita ya ukutani tumieni kwa gesi, umeme uwe wa taa, friji na chaja.

Kabla hatujauacha umeme, kuna jambo linalonikera kila msimu, nalo ni kebo. Kebo ya karavani ni ya mita 25, nene, nyaya zake tatu kila moja ni ya milimita 2.5 za mraba, nayo huja imezungushwa kwenye gurudumu la plastiki. Watu huvuta mita sita zinazofika kwenye kisanduku, zilizobaki wanaziacha zimejizungusha. Umeme ukipita, kila duara linapasha duara la jirani, na joto halina pa kutokea. Nimewahi kuitwa kwenye karavani ambayo wenyewe walilalamika kuna harufu ya mpira. Nilipoligusa lile gurudumu mkono uliruka. Nilipolifungua, maduara ya ndani yalikuwa yameyeyuka na kugandana kuwa pete moja nyeusi, na waya mwekundu wa shaba ulikuwa unachungulia sehemu mbili. Nyasi chini yake zilikuwa kavu kabisa, na usiku kucha mvua ilikuwa inanyesha. Kebo haikuwa mbovu, na breka haikuruka hata mara moja. Kwa hiyo fungueni kebo yote, mita zote 25, na ile inayobaki itandazeni chini ya karavani kwa mikunjo mipana, kama nyoka anayeota jua.

Mkifika, chomekeni kwanza upande wa karavani, ndipo mchomeke kwenye kisanduku cha kambi. Mkiondoka ni kinyume chake, kisanduku kwanza. Sababu ni nyepesi: hutaki kushika ncha ya waya yenye umeme ndani ya nyasi zenye umande.

Na siku umeme ukikatika tena, kabla ya kumfuata mwenye kambi, fungua kikasha cha swichi kilicho ndani ya karavani, mara nyingi kiko ndani ya kabati la nguo au chini ya kochi. Kuna swichi moja pana yenye kitufe kidogo cha kujaribia, kimeandikwa T. Ikiwa hiyo ndiyo imeanguka, tatizo si wingi wa vifaa. Swichi hiyo huanguka umeme unapovuja kwenda ardhini, hata kwa sehemu 30 tu kati ya elfu moja za ampea, kiasi ambacho kinaweza kuwa kinapita kwenye mwili wa mtu. Chomoa kila kitu, iwashe, kisha rudisha kifaa kimoja kimoja. Kile kinachoiangusha kiweke kando na usikijaribu tena. Ikigoma hata bila kifaa chochote, mwite fundi. Nakuomba sana, asikwambie mtu uifunge kwa utepe au uiruke kwa waya.

Gesi sasa. Uliza mtungi mnaopewa ni wa gesi gani. Butani huacha kugeuka hewa pale joto linapokaribia nyuzi 0, na Mei katika mabonde ya Yorkshire asubuhi inaweza kufika huko. Unawasha jiko, moto ni mdogo kama wa kibatari, unadhani mtungi umekwisha kumbe umejaa. Propani hutoka hata nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo dai propani. Nati yake hufungwa kinyume na nati nyingine, kukaza unageuza kushoto. Ukishaifunga paka maji ya sabuni kwenye maungio, kama tunavyofanya nyumbani, utazame kama kuna povu linalopanda. Halafu chungulia sakafuni: utaona matundu yenye wavu. Watoto hupenda kuyafunika na zulia kwa sababu yanaleta baridi miguuni. Yasifunikwe. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka, na matundu hayo ndiyo mlango wake wa kutokea.

Nije kwa shemeji yangu. Leseni yake haina shida. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya gari dogo katika England, Scotland na Wales anaruhusiwa kukokota tela lenye uzito wa hadi kilo 3,500, bila mtihani wa ziada waliokuwa wanaudai kwa walioipata leseni baada ya 1996. Lakini sheria ikiruhusu, si kwamba gari linaweza. Atazame kitabu cha gari. Kwa dereva asiyezoea, sisi mafundi tunapenda karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari: gari la kilo 1,500 livute isiyozidi 1,275. Mizigo mizito, mchele na maboksi ya maji, ikae chini, katikati, juu ya ekseli. Ukiirundika nyuma, karavani itaanza kuyumba kwenye barabara kuu kama mkia wa samaki. Mwendo ni maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu za njia mbili zilizotenganishwa, 50 kwenye za kawaida.

Kuhusu kuhama kila siku, hapo sikubaliani naye, ingawa naielewa hamu yake. Mwaka 1885 daktari mmoja wa zamani wa jeshi la majini, William Gordon Stables, alisafiri ndani ya nyumba yake ya magurudumu iliyovutwa na farasi wawili, kutoka Twyford kusini mwa England hadi Inverness huko Scotland, na Waingereza wengi wanamhesabu kuwa ndiye aliyeanzisha starehe hii. Lakini alikuwa na mwendesha farasi, na mtumishi aliyetangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuwaonya waliokuwa wanakuja. Shemeji atakuwa na wewe na watoto.

Kila mkihama, kazi inaanza upya. Lazima karavani isawazishwe kushoto na kulia kwa kupandisha gurudumu moja kwenye kibao cha mteremko, halafu mbele na nyuma kwa kigurudumu cha mbele, ndipo ishushwe miguu minne ya pembeni, ambayo ni ya kuituliza tu, haijatengenezwa kuinua uzito. Msipoisawazisha, maji ya sinki hayatoki na friji haipoi, maana friji nyingi za karavani hazina kompresa, zinategemea maji yake ya ndani kutiririka kwa uzito wake. Kisha kebo, mtungi, pipa la maji safi la lita 40 mnalolivingirisha kutoka bombani, chombo cha maji machafu, na kaseti ya choo, yaani tangi lake la uchafu, ya kumwagwa mahali pake. Ni saa nzima kufunga na saa nzima kufungua, kila siku, na mama mzima ameketi garini akisubiri.

Mkitulia Wensleydale, karavani inabaki kama nyumba, gari linabaki jepesi, na nchi mnaiona vizuri zaidi. Barabara za kule zimebanwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na ukikutana na trekta ni lazima mmoja arudi nyuma. Njia ya Buttertubs, kutoka Hawes kuvuka mlima kwenda bonde la Swaledale, ni mojawapo ya njia nzuri nilizowahi kupita nchini humu, lakini miinuko yake ni mikali na sitaki kumwona mtu pale na karavani nyuma. Kwa gari tupu ni nusu siku ya furaha.

Mpelekeni mama Aysgarth, ambako mto Ure unashuka kwa maporomoko ya ngazi tatu mapana, na yale ya juu yanafikiwa kwa matembezi mafupi. Jumanne mwende Hawes, ndiyo siku ya soko, na hapohapo mjini ndipo inapotengenezwa jibini ya Wensleydale. Siku moja mwacheni shemeji aone nchi kama anavyotaka, ila kwa treni. Kituo cha Garsdale kiko maili sita hivi kutoka Hawes. Mkipanda kuelekea mji wa Settle mnapita Dent, kituo cha treni kilicho juu kuliko vyote vya njia kuu England, mnaingia kwenye handaki refu lenye giza, na mkitoka, punde tu mko juu ya daraja la Ribblehead lenye matao 24, na uwanda wote uko chini yenu. Mama akae dirishani.

Sasa jiko la mkaa, na hapa nasema kama mtoto wa pwani aliyelelewa na harufu ya mkaa. Kulichukua mnaweza, kama kambi inaruhusu, na nyingi huruhusu jiko la miguu lililoinuka lisiunguze nyasi. Chomeni nyama, pikeni wali wa nazi, kila kitu nje kwenye hewa. Lakini halivuki mlango wa karavani, wala wa lile hema la ubavuni, hata dakika moja, hata kama mvua imeanza na nyama haijaiva. Sote tumesikia habari za watu nyumbani walioingiza jiko chumbani msimu wa baridi, wakafunga madirisha, wakalala wasiamke. Hapa Uingereza wamekufa watu kwa namna hiyohiyo kwenye mahema, baadhi kwa jiko waliloamini limeshazimika. Makaa yaliyofifia, yasiyo na moshi wala mwali, bado yanatoa kaboni monoksaidi kwa saa nyingi, nayo haina harufu wala rangi. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, anadhani ni uchovu wa safari, anajilaza. Karavani ni chumba kidogo kuliko stoo ya nyumba yenu. Inajaa upesi.

Mama atahisi baridi usiku wa kwanza, na atawaambia mlete jiko ndani kidogo tu, kama alivyozoea kuliweka barazani. Mjibuni kwa upole lakini msikubali. Mpeni kitanda kilicho karibu na hita, chupa ya maji moto ya mpira, na soksi za sufi. Kengele ya kaboni monoksaidi ndani ya karavani ibonyezeni kitufe siku mnayoipokea, na isipolia ikataeni hadi wawape nyingine. Mkimaliza kupika, jiko libaki nje, mbali na hema, hadi asubuhi, na majivu msiyatie kwenye pipa la taka mpaka yapoe kabisa.

Wiki hii piga simu kambini. Uliza kiwanja kina ampea ngapi, kama mkaa unaruhusiwa, na omba kiwanja kilicho karibu na bomba na choo kwa ajili ya mzee. Mwenye kambi akikukumbuka kwa zile asubuhi nne, mwambie birika mmeliacha Leicester.